Mji wa Zabibu, sehemu ya saba: Ijumaa Mbili za Bi Sindano

Zipu ya mkoba ilikuwa imefika nusu, na mkono uliokuwa ukiivuta haukuwa wa mwenye mkoba.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, mkalala na dukuduku. Aliyesahau akumbuke, na mgeni naye asogee asikie. Bi Sindano, mshonaji, mjane wa miaka saba, alikuwa chini ya meza yake ya kukatia nguo, magoti sakafuni, akisukuma mkoba wa safari nyuma ya marobota ya vitambaa. Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi. Saa saba mchana alitakiwa awe ndani ya treni, yeye na Fundi Saa wa duka la ng'ambo ya barabara, waende zao kutulia siku mbili katika kale kamji ka mashamba ya mizabibu. Vyumba viwili mbalimbali, msije mkamsingizia mwanamke wa watu.

Na aliyeingia bila hodi, akaukamata mkoba kwa mpini, ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Si kwa ubaya. Ni kwamba ukimwambia jambo asubuhi, mchana unalikuta sokoni limeshatiwa chumvi na pilipili.

"Wifi yangu," Redio akasema, "siku hizi mikoba inalala chini ya meza kama paka?"

"Wa mteja huo," Bi Sindano akajibu kutoka huko chini. "Kaleta nimbadilishie zipu."

"Mbona zipu nzima?" Na ili kuthibitisha akamalizia kuifungua.

"Ndiyo nimeshaibadilisha."

"Wewe? Kabla ya siku? Basi dunia inakwisha, ngoja nikawaage watoto."

Yafaa mjue sifa ya Bi Sindano. Mkono wake hauna mfano. Gauni likitoka kwake, hata kigingi kikilivaa kitapigiwa mluzi. Lakini kutoka ndiyo kazi. Ukutani ametarizi kwa uzi mwekundu KAWIA UFIKE, na wateja wameisoma methali hiyo mpaka wengine wanaiota.

Redio akaanza kutoa kitu kimoja kimoja kama mtu wa forodha. Ndala mpya. Kofia ya jua. Dawa ya kuchua mgongo. Kisha likatoka gauni la bluu, jepesi, shingo imeshonwa mshono wa siri usioonekana mpaka ukodoe. Akalinyanyua, akalipima kwa macho, akamtazama wifi yake aliyekuwa akitambaa kutoka chini ya meza.

"Huyu mteja wako ana kifua chako. Ana nyonga zako. Hata hilo bega lako la kushoto lililoshuka, naye limemshuka."

"Watu hufanana."

"Hufanana." Mkono ukazama tena, ukaibuka na kipeperushi cha rangi: vilima, mizabibu mistari kwa mistari, na mume na mke wazee wamekaa kwenye benchi wakitabasamu kama waliolipwa. "Na mteja huyu anakwenda mji wa zabibu. Na nani?"

Bi Sindano angeweza kusema kweli. Lakini kweli ilikuwa na miguu mizito asubuhi ile. Huyu ni dada wa mumewe, ndiye aliyemshika mkono siku ya maziko asianguke. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba moyo, ule uliodhani umeshafunga duka, umeanza tena kufungua madirisha?

Na siku zenyewe hazikuwa za kuchezea. Binti wa Fundi Saa, aliyeolewa mji wa mbali, yuko hapa tangu juzi, amefikia kwa shangazi yake, na alilojia ni moja: kumhamisha baba yake akakae naye moja kwa moja. Baba aliomba asijibu mpaka Jumatatu. Siku mbili za mizabibu ndizo alizozitegemea Bi Sindano ili jibu liwe hapana.

Basi akadanganya.

"Nakwenda na kikundi cha washonaji. Kina mama watupu."

"Kina mama watupu." Redio akalikunja gauni taratibu, akalirudisha mahali pake, akalipigapiga. "Basi nami nakuja. Miaka saba sijatoka mji huu hata kwa kufukuzwa. Ngoja nikachukue begi langu."

Na kabla mshonaji hajameza mate, wifi ameshakata kona.

*

Kuvuka barabara ile ni hatua kumi na nne. Fundi Saa ndiye aliyezihesabu. Yeye huhesabu kila kitu.

Safari yenyewe aliipanga wiki tatu, kama anavyopanga magurudumu ndani ya saa ya mkononi. Kutoka stesheni hadi nyumba ya wageni, dakika kumi na moja kwa miguu. Kumi na tano ikiwa Bi Sindano atasimama kwenye madirisha ya maduka ya nguo, naye atasimama. Jumamosi asubuhi kuzunguka shamba. Mchana kuonja mvinyo, ambao kwa maelezo yake ni maji ya zabibu yaliyokaa peke yake yakafikiri sana. Glasi moja kwa watu wa umri wao, mbili ikiwa karibu kuna ukuta wa kuegemea. Jumapili hakuandika chochote. Ilimchukua siku nne kukubali kuiacha Jumapili tupu.

Bi Sindano akaingia akihema, utepe wa kupimia ungali shingoni. Saa sitini ukutani zikampigia tiki-tiki kwa pamoja. Fundi Saa alikuwa nyuma ya kaunta ya kioo, lenzi jichoni, kibano mkononi. Hakuinua kichwa.

"Fundi, tumepata balaa. Wifi yangu anataka kuja nasi."

"Kuja wapi?"

"Kwenye mizabibu. Kwani tunakwenda wapi?"

Akaivua lenzi, akailaza juu ya kitambaa. "Vyumba hakuna, Bi Sindano. Mwenye nyumba ya wageni amenipigia simu sasa hivi. Ni wiki ya mavuno, mji umefurika, hata stoo amelaza watu. Ijumaa iliyopita ndiyo vilikuwepo."

"Ijumaa iliyopita tungekwenda kufanya nini? Safari yetu ni leo."

Fundi Saa akafungua droo, akatoa kikaratasi. Mwandiko wake huo, mnyoofu kama mshale wa dakika: Safari, Ijumaa, tarehe tisa.

"Nilikuuliza siku," akasema. "Ulikuwa na pini mdomoni, unampima yule mama mwenye duka la vyombo. Hukuweza kusema. Ukanionyesha daftari kwa kidole. Nikasoma, nikanakili."

"Na hiyo tarehe tisa ukafanya nini?"

"Nilivaa kofia. Nikakaa hapa na begi langu miguuni, tangu saa sita mpaka jioni. Treni nimeisikia ikiondoka."

Bi Sindano akaikumbuka siku ile. Alimwona kupitia dirishani, kofia kichwani ndani ya duka, akajiambia masikini, huenda ana jino. Akampungia mkono. Naye akampungia.

"Kwa nini hukuvuka ukaniuliza?"

"Kesho yake ulipita hapo mlangoni ukasema, 'Fundi, ni wiki ijayo, usije ukasahau.' Nikampigia simu mwenye nyumba kumwomba wiki ijayo. Akasema atajaribu." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayefunga kifuniko. "Miaka minne nimekaa mkabala na duka lako. Nimewasikia watu wakiambiwa wiki ijayo. Wengine wametoka hapo wakijifuta machozi. Sikujua tu kwamba nami ni mteja."

Kilichouma ni kwamba hakukasirika. Mtu akikukasirikia, angalau unapata pa kushika.

"Binti yangu anapita saa sita na gari," akaendelea, akiitafuta lenzi yake. "Nitamwambia nakwenda naye. Usijilaumu. Nyumba yake ina bustani."

"Wewe na bustani wapi na wapi? Ua ukikua haraka kuliko ulivyopanga utaugombeza."

Alitaka kumchekesha. Hakucheka. Akaishika tena kazi yake, na Bi Sindano akabaki amesimama, kinywa wazi, safari hii bila pini hata moja. Maana alishajua kosa liko wapi. Lilikuwa ndani ya daftari lake mwenyewe.

*

Sasa ni siri ya washonaji hii. Mkiulizwa mmeipata wapi, mseme mmeiota.

Daftari la Bi Sindano lina safu mbili za tarehe. Ya kushoto ni ile anayoambiwa mteja. Ya kulia ni ile ambayo nguo itakuwa tayari kweli, na katikati yake hukaa wiki nzima ya "njoo kesho" na "umeme ulikatika". Mkono wake umezoea hivyo miaka thelathini. Haujui kuandika tarehe moja. Hivyo alipoamua kujishonea gauni la safari, alijiandikisha kama mteja mwingine yeyote. Safari: kushoto Ijumaa tarehe tisa, ili ajikimbize. Kulia Ijumaa tarehe kumi na sita, siku yenyewe. Alijidanganya mwenyewe, kwa nia njema, kama anavyowadanganya wenziwe.

Na Fundi Saa, mtu aliyeishi maisha yake yote na wakati mmoja tu, akasoma ya kushoto kwa sababu ndiyo inayoanza.

Bi Sindano akarudi mbio dukani kulichukua daftari. Akalikuta mapajani mwa Redio, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda cha cherehani, begi jekundu pembeni, miwani ya jua usoni, akilisoma kama barua ya mahakama.

"Kumbe nami nimo," Redio akasema. "Lile vazi langu la mwezi wa tatu, kulia umeandika mwezi wa sita. Nami nilikuwa nakuombea afya, nikidhani unaumwa."

"Nipe hilo daftari, wifi. Nina haraka."

"Haraka umeijulia wapi? Kaa. Niambie kwanza nani amekurudisha na uso wa mtu aliyesahau pasi juu ya hariri."

Saa ilikuwa sita kasoro robo. Bi Sindano akatazama ng'ambo. Alimwona Fundi Saa akishusha saa ukutani, moja baada ya nyingine, akizifunga kwenye magazeti. Akaona uongo mwingine hauna pa kukaa.

"Hakuna kikundi cha washonaji," akasema. "Nilikuwa niende na Fundi Saa. Amedhani namzungusha. Na saa sita anamjibu binti yake kwamba anahama."

Akangoja tusi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, akakosa mawimbi.

"Ile saa ya ukutani ya marehemu kaka yangu," akasema hatimaye, "umeipeleka kutengenezwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Saa ilikuwa nzima. Mimi nilikuwa naikuta imetolewa betri."

"Ulijua?"

"Mtaa mzima unajua. Unadhani nani aliuambia?"

"Na hukukasirika?"

Redio akavua miwani. "Mwaka wa kwanza nilikasirika. Kaka yangu nilimpenda, wewe unajua. Halafu asubuhi moja nikapita hapa mapema, nikamkuta yule mzee anakufagilia kibaraza. Anafagia, anatazama huku na huku, anakimbilia kwake asionekane. Kaka yangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini ufagio aliujua kwa picha. Nikanyamaza, nikisubiri uniambie mwenyewe. Ukanisubirisha kama lile vazi."

Bi Sindano akakaa juu ya robota. Akalia kidogo, akacheka kidogo, akajifuta kwa kipande cha bitana. "Haidhuru tena. Vyumba vimekwisha mji mzima."

"Vimekwisha kwa asiye na watu." Redio ameshatoa simu. "Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja ameolewa hukohuko, mumewe ana shamba... Haloo, shoga. Mzima? Nami mzima. Una vyumba vingapi? Vitatu. Tunakuja leo. Ndiyo, watu wazima. Hapana, hawajaoana, ndiyo maana nakuja na mimi."

Akakata simu. "Mkoba wako nabeba mimi. Wewe beba hilo daftari. Na utembee kama mtu anayekwenda mahali. Chelewachelewa utakuta mwana si wako."

*

Hatua kumi na nne zikawa tisa.

Fundi Saa alikuwa na saa mbili mikononi, hajui aanze na ipi. Bi Sindano akazipokea, akaziweka kando, akalifungua daftari juu ya kaunta.

"Soma hapo palipoandikwa safari."

"Nimeshasoma."

"Umesoma kushoto. Soma kulia."

Mzee akaivaa lenzi, akainama, kana kwamba tarehe ni skrubu iliyopotea. "Kumi na sita."

"Kushoto huwa nawaandikia wateja uongo. Kulia najiandikia kweli. Safari hii, wa kudanganywa kushoto nilikuwa mimi mwenyewe, ili gauni liwahi. Wewe hukuwa mteja, Fundi. Tangu mwanzo ulikuwa safu ya kulia."

Akaivua lenzi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Bi Sindano akaogopa, mpaka aliposikia kwamba ni kicheko, kimeanzia tumboni na kinatafuta njia ya kutokea.

"Kwa hiyo nilivaa kofia saa sita nzima," akasema, "nikisubiri mshono wa shingo."

"Wa shingo na pindo."

"Limekaa vizuri?"

"Utaliona."

"Na tutalala wapi?"

"Vipo vyumba vitatu. Usiniulize cha tatu ni cha nani."

"Changu," ikasema sauti mlangoni. "Na sikoromi, kama kuna anayeogopa."

Fundi Saa akaitungua kofia yake msumarini. Hakutazama ni saa ngapi. Bi Sindano aliliona hilo, akaona kama amepewa kitu mkononi.

Wakati huohuo gari dogo jeupe likasimama mbele ya duka. Kabla dereva hajazima injini, Redio ameshafungua mlango wa nyuma, amesukuma mikoba yote ndani, amezunguka na kuketi kiti cha mbele.

"Karibu, mwanangu," akamwambia dereva. "Umekuja wakati wake. Jua kali na stesheni mbali, utatupeleka wewe."

"Shikamoo," binti akasema, maana alilelewa. "Niwapeleke wapi?"

"Kwenye mizabibu. Yale ya kuhama baba yako atakueleza njiani. Hahami."

Binti akateremka, funguo mkononi. Mwanamke mrefu, mtulivu kama baba yake, wa aina ile wasiopaza sauti. "Baba, kuna nini hapa? Nani hawa?"

Fundi Saa akatoka kifua mbele, kofia imekaa sawa. Hajawahi kuonekana mrefu namna ile. "Huyo aliyekaa mbele ni shemeji. Si yangu. Bado. Na huyu, mwanangu, ndiye aliyenifanya nikuombe usubiri mpaka Jumatatu. Nataka umjue."

Na akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, ambako Bi Sindano alikuwa akitoka na daftari kwapani, ameshatengeneza tabasamu la kumpokea mtoto wa mtu.

Tabasamu halikufika.

Binti alimtazama. Macho yakashuka kwenye utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, yakapanda usoni, yakatua hapo. Bi Sindano naye akautambua uso ule.

Ilikuwa miaka sita nyuma, duka lingali mtaa mwingine, Fundi Saa hajahamia huku. Bibi harusi alikuja asubuhi ya siku yake, na shangazi yake nyuma. Alipoonyeshwa nguo hakupiga kelele. Aliitazama tu, akageuka, akaenda kuolewa na gauni la kuazima, pana, lililobanwa kwa pini mgongoni. Bi Sindano hakuwahi kumuuliza ni binti wa nani.

Fundi Saa akawatazama wote wawili, mkono wake ungali umenyooka hewani. "Mnajuana?"

Binti alichezesha funguo za gari kiganjani, mara moja, mara mbili.

"Mama," akasema kwa upole, "lile gauni langu la harusi, limekwisha?"

Redio, kule kiti cha mbele, akapandisha kioo cha dirisha polepole mpaka juu.

Maana gauni lile lipo. Liko kabatini kwa Bi Sindano, nyuma ya mapazia ya watu, na mpaka Ijumaa hii halina mkono wa kushoto.